Vali ya Vidole Viwili

Jumatano, 8 Septemba

Bwana Burbage, kitabu ndiyo hiki. Umesema kamati inataka kila timu yenye vali mpya iandike siku kwa siku imefanya nini, halafu mkaguzi asome. Mkaguzi mwenyewe ni wewe, kwa hiyo nakuandikia wewe. Shule niliacha darasa la saba, basi nitaandika kama ninavyoongea, na ninavyoongea unajua. Mwezi wa nane ulinikatia simu mara mbili.

Kwa faida ya wengine wa kamati: mimi ni Oleta Truitt, umri miaka hamsini na minne, nafanya kazi kiwanda cha kuku, upande wa firigisi. Mume wangu ni Harlan. Mzinga wetu wa kurushia maboga kwa upepo unaitwa Mtetea, na tumesimama nao kwenye shamba la mashindano hapa Delaware miaka kumi na mmoja mfululizo. Mwaka jana vali yetu ya zamani, yaani mlango wa kuachia upepo, ile ya mtaimbo mrefu unaovutwa kwa mkono mzima, iliruka kabla ya wakati ikamvunja Harlan mkono wa kulia mahali patatu. Sasa mkono ule una vidole viwili tu vinavyosikia amri, gumba na cha shahada. Tangu siku hiyo hajaingia bandani. Anakaa kibarazani anaangalia soya za watu.

Kamati imesema mtaimbo marufuku, na kama hatuna vali nyingine inayofyatuliwa kwa mbali mpaka tarehe 16 Oktoba, nafasi yetu inakwenda kwa timu ya Maryland inayongoja. Mimi nimeapa vali itakuwepo, na itafyatuliwa kwa vidole viwili. Vya Harlan.

Alhamisi, 9 Septemba

Kazini firigisi elfu nyingi. Usiku nimechora. Mchoro umefanana na chungu.

Jumapili, 12 Septemba

Leo nieleze wazo lenyewe, maana Reba amenicheka. Reba Dukes ni jirani yangu na shoga yangu, anachomelea matrela, na ameacha wanaume watatu, wa nne anaye kwenye mizani. Nilimwambia, "Shoga, wazo nimelipata chooni."

"Hapo ndipo mawazo yako yote yanapotoka," akasema.

Lakini sikiliza. Ukivuta maji ya choo, huinui yale maji yote. Unavuta kamnyororo kadogo, kizibo kinanyanyuka, maji yenyewe yanafanya kazi. Basi na upepo hivyo hivyo. Ndani ya tangi kuna kizibo kinene, mafundi wanakiita pistoni, kimekaa ndani ya bomba lake na uso wake umekaza mdomo wa mtutu. Upepo ukijaa, unaingia na nyuma ya kizibo pia, unakisukuma kikaze zaidi. Sasa ukiuachia ule upepo kidogo wa nyuma tu, kwa koki ndogo ya kuvutwa na kamba, mbele kunabaki na nguvu, nyuma hakuna. Kizibo kinaruka nyuma kama paka aliyekanyagwa, na upepo wote wa tangi unapita mtutuni kwa mpigo mmoja. Kazi ya mkono ni kuvuta kamba. Mtoto anaweza. Kuku anaweza.

Reba akaomba penseli. Mchoro wake haufanani na chungu.

Jumatatu, 13 Septemba

Kiwandani wametupa mbao nyeupe za plastiki za kukatia kuku, nene, ngumu. Nimebeba sita. Msimamizi ameuliza za nini. Nimemwambia nakata kuku nyumbani.

Alhamisi, 16 Septemba

Tufani. Umeme hakuna, mahindi ya jirani yamelala chini yote. Harlan ametoka kufunga turubai la banda kwa mkono mmoja na meno, akarudi kibarazani bila kuingia ndani.

Jumamosi, 18 Septemba

Tumezifunga zile mbao kwa bolti, tumekata duara, nimepiga msasa mpaka kucha zimekwisha. Pistoni imetoka na umbo la kiazi. Ukiitia kwenye bomba, upande huu inakwama, upande ule kidole kinapita. Tumejaza upepo kidogo, ukatoka wote pembeni unapiga mluzi. Mzinga wenye pumu.

Reba akasema, "Hii inataka mashine ya kukereza. Kubwa." Tukatazamana. Mashine kubwa ya kukereza huku kwetu ni moja, na iko kwa Delbert Lynch.

Delbert ndiye mshindi wa miaka minne, mnamjua. Anajidai, hasalimii watu dukani, na ana vali ya pistoni hamwambii mtu imetengenezwaje. Na mimi ndiye niliyekuwa nasema kiwandani, mezani, na kwa kinyozi, kwamba mwaka jana alionekana kasimama karibu na mtaimbo wetu dakika chache kabla haujaruka, na pini ya usalama haikuonekana tena. Sikusema kaitoa. Nilisema tu alisimama. Waliobaki walimalizia wenyewe.

Jumapili, 19 Septemba

Nimepika kuku na viazi vitamu ili Harlan awe na roho nzuri, halafu nikamwambia, "Mzee, nataka uongee na Delbert atukerezee pistoni. Kama ana aibu ya kile alichofanya, hii ndiyo nafasi yake."

Harlan akaweka uma. "Alifanya nini?"

"Ile pini."

Akasogeza sahani pembeni. Halafu akasema, "Pini niliitoa mimi, Oleta. Ilikuwa inanichelewesha. Delbert alikuja kuniambia niirudishe, sikumsikiliza. Imo ndani ya kisanduku cha ndoano za samaki."

Nikaenda kuangalia. Imo.

"Mbona hukusema?"

"Ungeniacha niseme lini?"

Bwana Burbage, hili niliweza kuliruka. Lakini umeniambia niandike kila kitu kinachohusu vali, na hili linahusu. Miezi kumi na moja nimemsema mtu. Nimehesabu niliowaambia nikafika sitini, nikaacha kwa sababu zamu ya usiku sijui wako wangapi.

Jumatano, 22 Septemba

Nimekwenda kwa Delbert na keki ya tufaha. Amefungua mlango akabaki kashika kitasa.

"Shemeji," akasema, "mke wangu alikuwa na mahali pake pa kunywea kahawa pale kiwandani, meza ya pembeni. Ameacha kukaa hapo tangu mwezi wa kumi na mbili. Unajua kwa nini?"

"Najua."

"Basi keki rudi nayo."

Nikarudi nayo. Tukaila mimi na Reba. Reba akasema, "Uliyasema mbele ya watu, ukayafute mbele ya watu. Keki haina masikio."

Alhamisi, 23 Septemba

Sina la kuandika. Sijaongea na mtu leo. Wamenipima joto kazini.

Jumamosi, 25 Septemba

Leo ulikuwa mlo wa kuchangia kikosi cha zimamoto, ule wa kuku na tambi pana zinazoteleza, na ulikuwepo, kwa hiyo unajua. Lakini andiko ni andiko.

Watu mia mbili, kila mtu na sahani. Nilimwomba mkuu wa zimamoto kile kipaza sauti cha kutangazia bahati nasibu. Akaniuliza ni kwa muda gani, kwa uso wa mtu anayeogopa. Nikasema, dakika moja. Nikapanda jukwaani, nikasema hivi: "Mimi Oleta nilisema Delbert Lynch alisimama karibu na mtaimbo wetu. Alisimama kwa sababu alikuwa anamwambia Harlan arudishe pini. Harlan mwenyewe ndiye aliyeitoa. Niliyemweleza vingine, na amweleze tena aliyemweleza, kwa spidi ile ile." Nikashuka. Hata dakika haikuisha.

Halafu mke wa Delbert akavuta kiti kilichokuwa tupu karibu naye, akakipiga kwa kiganja. Nikakaa. Akanipa kachumbari ya kabichi.

Harlan hakuja. Lakini niliporudi akaniuliza, "Kweli umesema mbele ya kipaza sauti?" Nikamwambia kweli. Akasema, "Mimi nisingeweza," akaenda kulala.

Jumatatu, 27 Septemba

Delbert amekuja mwenyewe, saa kumi na moja jioni, hajasalimia, amesema tu, "Lete hizo mbao." Tumekaa kwake mpaka giza. Mashine inazunguka, vijinyuzi vyeupe vinadondoka kama nyama ya kifua. Nilitaka pistoni ibane kabisa, isivuje hata tone. Akanizuia.

"Shemeji, ikibana kabisa, upepo utapitia wapi kwenda nyuma yake? Kizibo hiki kinapumua. Acha nafasi ya unene wa karatasi, upepo unapenyea hapo unapojaza. Wembamba huo hauna kasi ya kukusumbua unapofyatua."

"Kwa hiyo kuvuja kwake ndiyo uzima wake."

"Ndiyo. Na nyuma weka kitu laini cha kuipokea, la sivyo itatoboa kifuniko. Na koki ya kumwaga tangi, yenye kamba ndefu. Siku isipofyatuka usisogee, mwaga kwanza. Usinibishie."

Sikumbishia. Nilimuuliza mbona hasalimii watu dukani. Akasema sikio la kushoto halisikii tangu aanze kurusha maboga, na watu wote wanamsalimia upande wa kushoto. Miaka minne nimemwita mwenye maringo, kumbe nilikuwa nasimama upande mbaya.

Jumamosi, 2 Oktoba

Reba amechomelea bomba la pistoni ndani ya tangi, kifuniko cha bolti kumi na mbili. Nyuma tuliweka vipande vya tairi ya trekta. Tumejaza robo, boga hakuna, sote nyuma ya ukuta wa marobota ya nyasi. Nimevuta kamba kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, kama atakavyovuta Harlan.

Paaa. Kunguru wa wilaya nzima wameruka. Na pistoni imepasuka vipande viwili, tairi ilikuwa nyembamba. Nimefurahi kupita kiasi. Imepasuka kwa kasi.

Jumapili, 3 Oktoba

Pistoni ya pili. Delbert amekereza, tairi zimeongezwa mara tatu, na mpira mwekundu wa kuzibia mdomo wa mtutu umekaa sawa.

Jumatano, 6 Oktoba

Mvua. Harlan ameuliza kutoka kibarazani bolti ni namba ngapi. Nimemwambia. Akasema, "Hm."

Jumamosi, 9 Oktoba

Joto kama Julai. Boga la ratili nane, nusu ya upepo, futi elfu moja na mia mbili kwa hatua za Reba, na hatua za Reba ni ndefu. Mara tatu mfululizo. Pistoni inateleza kama imekufa na kuzaliwa upya, na nikuambie siri yake: mafuta ya kuku. Grisi iliisha, nikachota kwenye bati langu la jikoni. Bibi yangu alipaka mafuta ya kuku kwenye bawaba, viatu, na kifua cha babu mwenye kikohozi. Huku kwetu hakuna kisichopakwa.

Harlan alisimama kibarazani mara zote tatu. Alisimama, Bwana Burbage.

Alhamisi, 14 Oktoba

Maboga yamechaguliwa. Meupe, ganda gumu.

Jumamosi, 16 Oktoba

Ukaguzi. Ulikuwepo, na naandika kwa sababu sheria ni sheria.

Usiku ulishuka umande wa barafu wa kwanza. Asubuhi nyasi zinavunjika chini ya viatu. Ulifika na miwani yako na koti lako la njano. Ukapima, ukasoma geji, ukagonga kila bolti. Harlan alikuwa ameweka kiti chake mwisho kabisa wa kibaraza, karibu aanguke. Timu ya Maryland walikuwa wametuma mtu, kasimama barabarani ndani ya gari dogo anakula mkate.

Nikavuta kamba.

Haikupiga. Ilianza kupuliza, fuuu, kama mzee anayevua viatu. Boga likatoka mtutuni taratibu, likachungulia, likadondoka hatua kumi na mbili mbele yetu. Halikupasuka hata. Yule wa kwenye gari akacheka mpaka mkate ukamtoka. Nami nikakimbilia mzinga, na Delbert akapiga kelele, "Shemeji, koki," nikakumbuka, nikarudi nyuma ya nyasi, nikavuta ile kamba nyingine mpaka tangi likamwaga lote.

Ukaja ukaniambia kwa upole, "Bibi Truitt, vali isiyofunguka yote inabakiza nusu ya upepo ndani. Hiyo siwezi kuipitisha." Halafu ukasema koki ya kumwagia ni nzuri, na kwa ajili ya hiyo unanipa mpaka tarehe thelathini, jaribio moja tu. Nilikushukuru. Kama sikukushukuru, nakushukuru hapa.

Jioni Reba akasema, "Shoga, tupumzike mwaka huu." Nikamwambia apumzike yeye. Nitaifungua vali, bolti zote kumi na mbili, na nikiifunga bila kujua kosa nitaifungua tena.

Jumapili, 17 Oktoba

Nilikuwa bandani tangu alfajiri, kifuniko kimefunguka, natazama ndani sioni kosa. Pistoni nzima. Mpira mzima. Kamba nzima. Nikasikia mlango. Sikugeuka, nikidhani ni Reba, nikasema, "Kama umekuja kuniambia nipumzike, rudi."

"Leta taa," akasema Harlan.

Nilimpa taa. Sikusema kitu, na unajua hiyo ni gharama gani kwangu. Akaingiza kile kidole chake cha shahada kwenye kibomba kidogo cha nyuma, kile cha kutolea upepo kwenda kwenye koki. Akakitoa na donge jeupe. Akalinusa.

"Umepaka nini humu?"

"Mafuta ya kuku."

Akaniangalia. Akalinusa tena. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Mama," akasema, "miaka thelathini unatoa bati jikoni asubuhi ya baridi unakwangua mafuta kwa kisu. Wakati wa joto ni mafuta. Asubuhi ya barafu ni mshumaa. Umeiziba pua na mshumaa."

Ndiyo hivyo. Kila tulipopiga kwenye joto, mafuta yalikimbilia kwenye kibomba. Baridi ikaja ikayagandisha. Upepo wa nyuma ukatoka kidogo kidogo, pistoni ikarudi kwa kujikokota. Wale wa Delaware wote wanaorusha maboga wanapaka grisi ya dukani. Ni mtu wa firigisi peke yake anayeweza kufanya kosa langu.

Tumesafisha kwa maji ya moto na sabuni. Yeye alishika taa, halafu akaona nashika spana vibaya, taa akanipa mimi.

Jumatatu, 18 Oktoba mpaka Ijumaa, 29 Oktoba

Nafupisha kwa kuwa sikuwa na nafasi ya kuandika, bandani tulikuwa wawili na mwenzangu anaagiza. Kibomba cha nyuma kimekuwa kipana zaidi, koki kubwa zaidi, mvuto wa kamba ule ule. Mpira mwekundu ulikuwa umevimba kwa yale mafuta, tumeweka mweusi. Delbert ameleta grisi isiyoganda, kopo zima. Amesimama na Harlan karibu saa nzima, Harlan upande wa kulia kwake. Sikusikia walichosema. Nilijaribu.

Tumeng'ang'ania kupiga asubuhi tu, kabla jua halijatoka, siku zote zenye barafu. Mara tisa. Tisa zimeruka.

Jumamosi, 30 Oktoba

Barafu nene kuliko ile ya kwanza, na nilifurahi. Umevuta kamba wewe mwenyewe, umetaka kuhakikisha uzito wake. Ulisema, "Ni hii tu?" Nikakwambia ni hiyo tu. Kunguru waliruka tena. Ukatia sahihi juu ya boneti ya gari la Reba. Reba alikuomba namba ya simu, na wewe ukampa ya kamati.

Jumamosi, 6 Novemba

Shamba limejaa, harufu ya vitunguu vya kukaanga na dizeli. Mtetea namba kumi na nne.

Kwenye fomu kuna mstari unaosema "mpigaji". Karani alikuwa ameshaandika jina langu. Nikamwomba alikate. Harlan alisimama kando yangu, mkono mfukoni, akasema polepole, "Oleta, watu wataangalia mkono."

"Wataangalia boga," nikamwambia. "Mkono hauendi kokote."

Akautoa. Akashika kamba kwa gumba na cha shahada, kama anayeshika pindo la nguo. Watu wakahesabu tatu, mbili, moja. Kamba ilikuwa inacheza, mimi nikataka kushika, nikajizuia nikashika koti la Reba badala yake. Akavuta.

Boga lilipasuka hewani. Unga wa rangi ya chungwa mbingu nzima, halihesabiwi. Vali ilikuwa kali mno kwa ganda lile. Nilimtazama usoni, nikiogopa. Alikuwa anasoma geji.

"Kesho tupunguze upepo ratili kumi," akasema, "na tutafute boga dogo zaidi. Fungua kifuniko niangalie mpira."

Jumapili, 7 Novemba

Futi 2,641. Wa saba kati ya ishirini na tatu. Delbert wa pili, mara ya kwanza kushindwa tangu awe bingwa, na ametusalimia mbele ya watu wote. Harlan amevuta kamba mara mbili leo, ya pili bila kunitazama. Nakabidhi kitabu kesho, Bwana Burbage. Harlan amenipokonya kalamu, anataka aandike.

*Mimi Harlan Truitt, mpigaji. Mwandiko mbaya ni wa mkono wa kulia, naandika nao ili niuzoee. Nimesoma yote. Anaongea sana lakini ni kweli, pamoja na ya pini. Isipokuwa ni futi 2,614.*